Hesabu Iliyopungua Mmoja

Butembo, Jumapili tarehe 4 Mei 2025

Abigaïl mdogo wangu,

Sasa wewe ni mtu wa meli. Niliwaambia watu kanisani baada ya ibada, hakuna aliyeniamini mpaka nikawaonyesha ile picha uliyomtumia Paulin wa photocopie, huyu anayetuchapia na kututumia barua. Paulin aliichapa kwa wino mweusi mtupu, meli ikatoka kama ghorofa lililoungua. Mama aliigeuza juu chini, akasema: "Bwato ya kukaa batu elfu mbili? Mumuambie asisimameke karibu na mayi." Nikamjibu kwamba meli nzima iko karibu na maji. Hakucheka. Tangu siku hiyo anakuombea asubuhi na jioni, na maharage yanaungua jikoni.

Msalimie Madame Marie-Jeanne, huyo mzee unayemtunza. Mwambie sisi huku wazee wetu tunawapeleka Masereka kuona viazi vya binamu zao, hatuwapeleki baharini mwezi mzima na mtu wa kuwashika mkono. Lakini kila watu na mazoea yao, na wewe mshike vizuri asije akaanguka.

Tuache mchezo sasa. Nakuandikia kwa sababu simu inakatika kila dakika mbili, na hata isipokatika mama anasogeza sikio. Haya hayapaswi kumfikia.

Wiki iliyopita baba mdogo Kitsa alipanda kutoka Beni, akatukutanisha wote. Akaniambia: "Miaka saba, mutoto yangu. Tumalize kilio ya Hulda, apumzike, na weye upate mutu wa kukupikia." Alisema kwa upole, lakini nilisimama nikatoka nje. Nilikwenda kwenye moulin ya Furu, kinu cha unga ninakofanya kazi, nikafungua mashine isiyo na ubovu wowote, nikaifunga tena. Nitamliliaje mke wangu na sijaona alipolala?

Siku ya tatu akaja mtu kazini kwangu. Anaitwa Delphin, anabeba kakao huko Mavivi. Anasema mwaka jana wale waasi waliowachukua ninyi walimkamata karibu na Oicha, akakaa nao porini miezi minne, kisha akatoroka. Hakutaka kukaa wala kunywa maji. Alisema hivi: "Muke yako iko muzima. Anapikaka. Muguu ya kushoto anaikokotaka. Banamuitaka Mama Sagesse."

Abigaïl, nilikuwa nimeshika spana, ikaanguka. Nani angemwambia jina la mwanangu?

Mlichukuliwa wawili siku moja, katika shamba moja la kakao, wewe na wifi yako. Ulirudi peke yako baada ya wiki tisa. Sikukuuliza kwa nguvu. Ulirudi mifupa mitupu, na mama alitukataza. Ulisema mlipotezana mtoni, basi. Ukaenda Uganda, ukaenda Kanada, nikaliacha. Leo nauliza swali moja na nataka neno moja. Mlipoachana, Hulda alikuwa hai? Kama alikuwa hai, nitamfuata. Kama sivyo, nitakubali kilio, na nitalia kuliko wote.

Kaka yako,
Phinées

*

Melini, Ijumaa tarehe 9 Mei 2025

Kaka Phinées mpendwa,

Barua yako niliisoma nikiwa nimekaa mlangoni kwa Madame, yeye amelala. Furaha niliyopata kwa habari za mama! Mwambie sisimami karibu na maji. Mwambie pia kwamba hapa wamechimba bwawa la kuogelea juu ya meli, yaani maji juu ya maji, na watu wanalala pembezoni mwake wakijipaka mafuta. Chakula hakiishi. Kuna mtu ambaye kazi yake ni kukata matikiti yawe na sura ya ndege, halafu ndege hao hakuna anayewala, jioni wanatupwa. Nilimtazama mpaka akaniuliza kama ninaumwa.

Madame hajambo. Ana miaka themanini na moja, anataka kuona kila kitu. Kila asubuhi meli inatia nanga mahali papya, watu wanashuka kutembezwa kwa mabasi, kila lugha na kundi lake na kiongozi wake. Unabandikwa nambari kifuani ili usipotee. Sisi tuko na Wafaransa. Juzi tulionyeshwa kanisa ambalo lina mifupa ya mtakatifu ndani ya kioo. Madame aliipenda. Mimi nilitoka nje kusubiri.

Sagesse anaendeleaje? Bado anaimba kwaya? Mpe salamu zangu.

Kuhusu ulichouliza, kaka: tulipotezana mtoni. Mvua ilikuwa imenyesha na maji yalijaa. Yeye alikuwa mbele. Zaidi ya hapo sijui. Huyo Delphin mimi simwamini, usimfuate popote. Nikirudi Montréal tutaongea vizuri kwa simu.

Mdogo wako akupendaye,
Abigaïl

*

Butembo, Jumatano tarehe 14 Mei 2025

Abigaïl,

Umeandika ukurasa mzima wa matikiti na mistari mitatu ya mke wangu. Nilimwomba Paulin atazame kama karatasi nyingine imebaki kwenye mashine. Haikubaki.

Sikuandikii kwa hasira. Yaani, ninayo hasira, lakini niliisubiri siku mbili ipoe. Ninakufahamu tangu ulipokuwa unatambaa. Ukiwa na jambo zito unaanza kuongea habari za chakula. Hilo la kusema ulifurahi kupata barua ile, mtu gani anafurahi kwa barua ile?

Delphin alirudi jana. Kila anachosema kina uzito. Hulda ninayemjua mimi hakuwa na ubovu mguuni, basi waliumiza mguu wake huko, na wewe hukuwahi kunieleza. Anasema mwanamke huyo anapenda kusifu mume wake, anawaambia wenzake kwamba mume wake akiigusa mashine inamtii. Ni yeye. Huyo ni Hulda wangu na mdomo wake. Nilicheka na machozi yakanitoka mbele ya mtu nisiyemjua.

Mpango uko hivi. Nikutane na Delphin Mavivi, Alhamisi tarehe 22, nyuma ya soko. Kutoka hapo kuna mtu wa pili anayejua njia, na kuna siku ambayo wanawake wanatumwa kuchota maji bila ulinzi mkubwa. Niende peke yangu. Nibebe mfuko wangu wa kazi: spana zote, roulement mbili, yaani beringi za moulin, na mkanda mpya. Nilimwuliza mkanda wa nini. Akajibu: "Fundi bila mukaba, nani atamuamini? Basoda ba serikali bakikuuliza, unasema unaenda kutengeneza mashini ya kijiji." Nimeona ana akili.

Mama hajui. Sagesse nilimwambia, kwa sababu ana miaka kumi na sita na nisipomwambia atasoma usoni mwangu. Hakuuliza kama kuna hatari. Aliuliza kama mama yake atamtambua. Alikuwa na miaka tisa alipochukuliwa mama yake, sasa ananipita urefu. Nilimwambia atamtambua kwa sauti, lakini nililala na swali hilo.

Basi sikuombi ruhusa. Nauliza kwa mara ya mwisho: alikuwa hai? Ukinyamaza, nitachukua kwamba ndiyo.

Phinées

*

Melini, Jumatatu tarehe 19 Mei 2025

Paulin, ukiipata hii usimsubiri Phinées apite. Ichape, itie katika bahasha, umpelekee kwa miguu yako mwenyewe. Nakuomba usiisome.

Kaka, usiende Mavivi. Nimeliweka mbele ili kama hutataka kusoma mengine uwe umesoma hilo. Nimekupigia mara nne kutoka bandarini, simu yako haipatikani. Hulda amekufa. Alikufa mwaka ule ule wa 2018, na mimi moyoni nilijua tangu siku niliyofika nyumbani.

Hakukuwa na mto. Sasa nitakueleza, na utaniwia radhi nikianza mbali, kwa sababu nisipoanza hapa sitafika.

Juzi Jumamosi tulitia nanga kwenye kisiwa cha Waitalia. Madame aliamka tumbo likimsumbua, akasema tiketi zimeshalipwa, nenda wewe, usikae kunitazama. Niliposhuka, basi la Kifaransa lilikuwa limekwenda. Dada wa kupanga mabasi akatazama karatasi zake, akanibandika nambari kumi na nne, akanisindikiza mpaka kwenye basi la Wajerumani. Kijerumani mimi sijui hata kusema asante. Lakini alinishika bega akanisukuma kidogo, na mimi tangu porini nikisukumwa naenda.

Kiongozi alikuwa mama mwembamba mwenye fimbo iliyofungwa kitambaa chekundu. Aliingia, akapita katikati ya viti akituhesabu kwa kidole, mmoja mmoja, kwa sauti. Kule walituhesabu hivyo hivyo, asubuhi na jioni, kwa lugha ambayo sisi wawili hatukuijua. Hatukujua namba yao hata moja, lakini tulijifunza sauti ya ile ya mwisho. Ikitamkwa hiyo, tunapumua. Basi na mle ndani niliisikiliza namba ya mwisho ya Wajerumani, nikaishika kichwani bila kutaka.

Pembeni yangu alikaa mzee mwenye kifaa cha kusikilizia masikioni. Alimenya chungwa akanipa nusu, akasema kitu, akakicheka mwenyewe. Nikacheka naye. Kiongozi aliongea njia nzima. Wakicheka, nacheka, wakitazama kulia, natazama kulia. Baadaye nyumba zikaisha, barabara ikaanza kuzungukazunguka mlimani, simu yangu ikapoteza réseau. Nikajikuta nahesabu kona, ili nijue kurudi.

Walitushusha kwenye mdomo wa pango. Tukapangwa mstari mmoja. Ngazi zilikwenda chini sana, zimelowa, na taa ndogo ukutani. Chini kabisa yule mama aliweka kidole mdomoni, wote wakanyamaza, akasema maneno machache taratibu, akainua mkono. Taa zikazimwa zote. Leo najua ilikuwa sehemu ya matembezi, wanataka watu waone giza la ndani ya ardhi lilivyo. Hata pale pale akili yangu ilijua. Miguu haikujua. Nilisikia watu wakipumua karibu yangu na nikasikia harufu ya shamba la kakao, ganda linalooza, nakuapia.

Taa zilipowaka nilipanda ngazi kabla ya wote. Juu kuna choo. Niliingia, nikafunga mlango, nikakaa sakafuni.

Kisha nikawasikia wamefika kwenye basi, na yule mama akaanza kuhesabu. Akahesabu, akahesabu, akasimama kabla ya ile sauti ya mwisho. Akaanza upya. Akasimama pale pale. Sauti za watu zikapanda. Kaka, kule porini hesabu ikipungua hawamfuati aliyekimbia. Wanamchukua aliyelala karibu naye. Mimi nikajua kwamba sasa wanamchukua mzee wa chungwa. Sikufikiri, nilijua. Nikafungua mlango nikatoka mbio mikono juu, nikipiga kelele kwa Kiswahili: "Niko hapa! Niko hapa! Musimupige!"

Wakanipigia makofi. Yule mama akanikumbatia, mzee akafungua chupa ya maji akanishikia kama mtoto. Walidhani nilipotea. Nililia mpaka bandarini na hakuna aliyeweza kuniuliza kwa nini, wala mimi kumjibu.

Nililia kwa sababu kwa mzee yule nilitoka. Kwa Hulda sikutoka.

Ilikuwa wiki ya nane. Hulda alikuwa ameumia mguu wa kushoto njiani, tangu wiki ya pili, ukavimba, akawa anaukokota. Tulikuwa tumeahidiana kwamba hakuna atakayekimbia bila mwenzake. Jioni moja nilitumwa kuchota maji na aliyenilinda akaitwa na wenzake. Niliingia katika matete, nikalala kifudifudi. Kutoka pale nilikuwa nasikia kambi yote. Wakaanza kuhesabu. Ile sauti ya mwisho haikuja. Wakarudia, haikuja. Nilikuwa na nafasi ya kusimama na kusema maji yalikuwa mbali. Nilikuwa na ndoo mkononi, Phinées, wangenipiga mimi kidogo na yangeisha. Nilisikia wanamwita Hulda. Nilisikia sauti yake mara mbili. Sikusimama. Giza lilipoingia nikatambaa.

Usidhani labda alipona. Nilipofika kambi ya wakimbizi Uganda nilimkuta mama mmoja wa Mbau aliyetoka kule baada yangu. Yeye ndiye aliyemfunika kwa majani. Alinipa salamu zake za pole, hakujua kwamba mimi ndiye niliyetoroka.

Na sasa jambo la kukufanya ubaki nyumbani hata kama unanichukia. Kule porini walikuwa na moulin waliyoiba kijijini, imekufa. Hulda alikuwa anawaambia wanawake, na hata wale wanaume kupitia mmoja aliyejua Kiswahili, kwamba mume wake anaitwa Phinées, yuko Butembo, angeifufua kwa siku moja. Alitaka wamwone ni mke wa mtu wa maana, wamtunze. Alisema jina la Sagesse kila siku. Yote anayoyasema Delphin yalisemwa na Hulda, lakini miaka saba iliyopita. Roulement mbili na mkanda mpya! Hao hawakurudishii mke. Wanahitaji fundi, na fundi akifika kule haondoki.

Niliogopa kukupoteza, ndiyo maana nilinyamaza. Nimekuwa mwoga mara mbili, ya kwanza katika matete, ya pili kila siku tangu hapo. Usinisamehe sasa, kama huwezi. Kaa nyumbani tu. Kaa nyumbani, kaka yangu.

Abigaïl

*

Butembo, Jumanne tarehe 20 Mei 2025

Abigaïl mdogo wangu,

Nakuandikia kwa kalamu juu ya meza ya Paulin, yeye ataituma mambo yakirudi. Tangu Jumapili mtaa huu hauna umeme wala réseau, mashine zake zimelala. Kama umeniandikia, barua itanisubiri, tutaisoma pamoja tukirudi, wewe unajua nina maana gani nikisema pamoja.

Delphin ametuma mtu na habari: si Alhamisi tena, ni kesho. Simu nimeizima tangu Jumapili kama alivyotaka, eti watu wa simu wanasikiliza. Mama nimemwambia naenda kutengeneza mashine ya Oicha, na si uongo sana.

Hasira yangu imekwisha. Nilitaka ulijue hilo kabla sijapanda moto, ile pikipiki ya kunipeleka. Umenyamaza siku sita, nami nimekuelewa. Pengine unaogopa kunipa matumaini. Nimeyachukua mwenyewe. Jana nilimnunulia viatu, vya wazi, laini, ili ule mguu mbaya usibanwe. Sagesse alivijaribu akasema ni vidogo, nikamwambia havikununuliwa kwa ajili yake, tukacheka mpaka mama akatoka jikoni kutazama.

Nimepaka grisi roulement zote mbili. Sijui kwa nini. Fundi habebi chuma kikavu. Niombee Jumatano yote.

Phinées wako

*

Butembo, Jumamosi tarehe 24 Mei 2025

Kwa Abigaïl,

Ni mimi Sagesse. Baba aliondoka Jumatano saa kumi na mbili asubuhi, mfuko wa kazi mgongoni na viatu vya mama ndani ya mfuko wa plastiki. Umeme ulirudi jana Ijumaa. Paulin alichapa barua yako akakimbia nayo mpaka kwetu, akasema alisoma mstari wa kwanza tu kwa sababu uliandikwa kwake. Nilimwamini. Lakini aliondoka bila kudai pesa ya karatasi, kwa hiyo labda si kweli.

Niliifungua mimi. Iliandikwa kwa baba lakini nyumbani ni mimi ninayesoma barua.

Simu ya baba haipatikani. Nilimpigia babu Kitsa huko Beni, nikamwambia kwamba baba amefuata mtu anayeitwa Delphin, basi. Alichukua moto mpaka Mavivi. Alinipigia jioni. Alisema: "Delphin iko hapa sokoni tangu jana, iko peke yake, anabeba tu kakao yake. Nimemuuliza. Ananiambia hajuake mutu mwenye kuitwa Phinées." Mama mmoja wa mihogo amemwambia babu kwamba Jumatano aliona fundi mwenye mfuko wa spana, yuko katikati ya watu watatu kwenye njia ya msituni. Alisema fundi huyo alikuwa anatembea haraka kuwapita, kama mtu anayechelewa sherehe. Babu amekwenda kwa wanajeshi. Wameandika jina.

Nataka kukwambia ukweli, kwa sababu katika nyumba hii sasa ni mimi peke yangu ninayeujua. Sijui kama ninakuchukia. Nilisoma pale penye matete mara nyingi, nikitaka usimame, kana kwamba ukurasa ungeweza kubadilika. Halafu nafikiri kwamba ulikuwa na miaka ishirini na mbili. Halafu nafikiri kuhusu ndoo. Kama ungemwambia baba tarehe 9, alipokuuliza, Paulin alikuwa na umeme. Hilo ndilo siwezi kulipita. Mama yangu sikuweza kumwokoa, nilikuwa mtoto. Baba angekuwa nyumbani leo.

Bibi aliona bahasha. Akakaa, akakunja kitenge, akasema nimsomee habari zako. Nikamsomea. Nilimsomea basi la Wajerumani, na mzee wa chungwa, na ulivyocheka bila kuelewa, na makofi waliyokupigia. Alicheka sana. "Soma tena pale pa muzee wa machungwa," akaniambia, nikasoma tena. Nilipofika kwenye mstari ule wa mama yangu nilikunja karatasi, nikasema barua imeishia hapo.

Akaniuliza: "Na kwa kaka yake hakuandika kitu?" Nikasema alimwambia akae nyumbani. Akasema, basi ataikuta barua yake akirudi, na akaenda kupika bugali ya watu watatu.

Wewe ulinyamaza miaka saba. Mimi ninanyamaza tangu jana saa nane mchana na tayari siwezi kumtazama bibi usoni anapoomba. Anamwombea mama, kama miaka yote saba, awe na nguvu ya kutembea mpaka nyumbani. Anamwombea baba asichelewe. Anakuombea wewe usisimame karibu na maji. Mimi nasema amina mara tatu.

Sitamwambia. Siyo kwa sababu yako. Barua nimeificha katika kitabu changu cha kemia, hakuna anayekigusa. Maliza kazi ya Madame, kisha chukua ndege mpaka Entebbe, upande gari mpaka hapa, ukae mbele ya bibi kwenye kile kiti chake kidogo, umwambie kwa mdomo wako. Nitakuwa jikoni. Nikisikia umeanza habari za chakula, nitatoka kuisoma barua mwenyewe.

Sagesse, mtoto wa Hulda na Phinées